Miaka minne handakini? Jibu kwa msomaji wa Taveta

"Shikamoo mwalimu. Sisi kwetu ni karibu na Taveta. Nyanya yangu, ambaye bado yu hai, husema baba yake alienda vita vya Wajerumani, akakaa handakini miaka minne bila kutoka, akawa anakula panya, na aliporudi hakuwa na vidole viwili vya mguu wa kushoto. Wajomba zangu wanashikilia kwamba alipelekwa Ufaransa. Nimetazama filamu za vita hivyo, na juzi nilikwenda kilima cha Salaita kujionea mahandaki yenyewe, ila yananifika kiunoni tu! Mtu angeishi vipi humo miaka minne? Alilala wapi, alienda haja wapi, alikula nini? Na tutapata wapi jina lake? Huko Salaita niliokota chuma kizito chenye umbo la chupa, nimekiweka nyumbani kama kumbukumbu."

Marahaba. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hapo hapana kusubiri. Hicho chuma usikiguse tena. Usikisugue kutoa kutu, usikitumbukize chooni, usimpe fundi akikate. Kombora lililolala ardhini zaidi ya miaka mia laweza kuwa zima bado, na baruti kuukuu ni ya kuogopwa kuliko mpya. Ondoa watoto, funga chumba, nenda kituo cha polisi ueleze kilipo, nao watawaita wataalamu wa mabomu. Huenda ni ganda tupu. Lakini wa kuamua hilo ni mtu aliyefunzwa, aliyekiona kwa macho yake, si mimi niliyesoma maelezo ya mistari miwili. Kule Ubelgiji na Ufaransa wakulima hufukua makombora ya vita hivyo kila msimu wa kulima mpaka leo, na wapo waliopoteza maisha kwa kudhani ni chuma chakavu.

Sasa tuje kwa babu yenu. Nikikusoma vizuri, wasiwasi wako ni kwamba hadithi ya nyanya haiingiliani na ulichokiona Salaita, na unaogopa ama nyanya anatia chumvi ama wewe ndiye hujaelewa. Mimi sioni uongo hapo. Ninachoona ni vita viwili vilivyoingia kwenye hadithi moja: vya Ulaya, ambavyo sinema zimetujaza navyo vichwa, na vya huku kwetu, ambavyo ni wachache waliojali kuvisimulia. Vyote vilikuwa na mahandaki. Maisha ndani yake hayakufanana.

Tuanze na Ufaransa. Vita hivyo, yaani Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vilipozuka Agosti 1914, kila jeshi lilitarajia kutembea, kupigana na kurudi nyumbani mapema. Mwezi wa Septemba Wajerumani walizuiwa kwenye mto Marne, ndipo pande zote mbili zikaanza kuzungukana kuelekea kaskazini, kila mmoja akitafuta ubavu wa mwenzake, mpaka wakaishiwa na nchi wakafika baharini. Mwaka ulipokwisha, mstari wa mahandaki ulianzia pwani ya Ubelgiji ukaishia mpaka wa Uswisi, kiasi cha kilomita 700. Walichimba kwa sababu hawakuwa na hiari. Bombomu moja lilitosha kufyeka kombania nzima iliyosimama uwanjani, na kombora likipasuka, vipande vyake huruka kwa usawa wa tumbo na kichwa. Aliye chini ya usawa wa ardhi vinampita juu.

Handaki lililokamilika lilikuwa na kina cha kama mita mbili, mtu akipita wima asionekane. Upande wa adui palikuwa na kidaraja cha kupandia: askari alipanda hapo kulenga au kuchungulia, akimaliza anashuka. Juu ya ukingo walipanga magunia ya mchanga, mbele wakatandaza seng'enge, na chini wakaweka mbao za kukanyagia ili maji yapite kwa chini. Tena halikuchimbwa likanyooka. Kila baada ya mita chache lilikata kona, ili adui akiingia upande mmoja asiweze kumimina risasi mpaka mwisho wa handaki, na kombora likiangukia ndani, ukali wake uishie kwenye kona, liue watatu badala ya thelathini. Nyuma ya handaki la kwanza palikuwa na la pili la kuliunga mkono, na nyuma zaidi la akiba, yote yakiunganishwa na vichochoro vilivyochimbwa vivyo hivyo kwa kona kona.

Hii ndiyo sababu ya kwanza usishangae hicho kimo cha kiunoni. Ulichokiona ni handaki lililonyeshewa na kuporomokewa na udongo kwa zaidi ya miaka mia. Sababu ya pili ni kwamba si kila mahali ardhi inakubali. Kule Flanders, Ubelgiji, ukichimba kimo cha goti tu unakuta maji, kwa hiyo walilazimika kuinua kuta za magunia juu ya ardhi badala ya kushuka chini. Wajerumani, waliokuwa wamekusudia kukaa, walijichimbia vyumba virefu: kwenye mto Somme kulikuwa na vya kina cha mita tisa au kumi, vyenye vitanda vya kupandana na taa za umeme. Waingereza wao walikataa kujenga vizuri, majenerali wakiogopa kwamba askari akizoea starehe hatatoka kushambulia. Askari wengi wa Kiingereza walilala kwenye vijishimo vilivyochongwa ukutani, miguu ikibaki nje njiani, kila mpita njia akiikanyaga.

Sasa hiyo miaka minne bila kutoka. Hapana. Hakuna jeshi lililoweza kuwaweka watu pale muda huo wakabaki na akili zao. Kikosi kilipokezana: siku nne hadi nane mbele kabisa, kisha kadhaa handaki la pili, kisha nyuma kwenye akiba, kisha mapumziko kijijini, ambayo nayo yalijaa gwaride na kubeba mizigo. Afisa mmoja kijana wa Uingereza aliyeweka hesabu ya mwaka wake wote wa 1916 alikuta kwamba alikaa siku 65 mstari wa mbele, 36 karibu nyuma yake, 120 katika akiba na 73 mapumzikoni. Zilizobaki ziliishia safarini, likizoni, mafunzoni na kwa maradhi. Mwaka huo ndio wa vita vya Somme, mwaka mbaya kuliko mingi. Kwa hiyo hata aliyehudumu miaka minne Ufaransa alikaa mbele kabisa kwa jumla ya miezi tu. Vikipamba moto ratiba ilivunjika, watu wakasahauliwa mbele wiki mbili au tatu, lakini hilo liliandikwa kama balaa, si kama kawaida.

Siku ya kawaida ilianza kabla ya kupambazuka. Wote walipanda kwenye kidaraja, singe kwenye bunduki, wakatazama mbele kwa saa nzima, kwa kuwa mapambazuko na magharibi ndiyo saa adui hupenda kuja. Upande wa pili nao walikuwa wamesimama vivyo hivyo wakiwangoja wao. Jua likishachomoza bila shambulio, kila mmoja alipewa kikombe kidogo cha ramu, kisha chai na kifungua kinywa. Mahali pengine pande mbili ziliachiana kimyakimya saa hiyo: mimi sikupigi ukinywa chai, wewe usinipige. Makamanda walilichukia sana jambo hili. Baadaye afisa alikagua bunduki, halafu miguu, na miguu nitaieleza.

Mchana haukuwa na mengi. Kuinua kichwa juu ya ukingo ilikuwa kujiua, maana walenga shabaha walikuwa macho, kwa hiyo walinzi walichungulia kwa kioo kilichofungwa kwenye kijiti au kwa periskopu. Wengine walilala, waliandika barua, walishona vifungo, walicheza karata. Barua zilikuwa nyingi ajabu: posta ya jeshi la Uingereza ilipeleka Ufaransa kama milioni 12 kwa wiki. Kila barua iliyotoka ilipitiwa kwanza na afisa, akifuta majina ya mahali. Ndiyo maana familia nyingi za huko Uingereza zina barua za vita zinazosimulia hali ya hewa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa usiku, na hapa sinema hazikusaidii kabisa, kwa sababu giza halionyesheki. Jua likizama handaki lilifufuka. Kundi moja lilitoka nje kukarabati seng'enge, nyundo zimefungwa magunia zisigonge kelele. Kundi lingine lilitambaa hadi karibu na adui kusikiliza. Wengine walishika sururu na beleshi, kwa sababu handaki ni kitu kinachobomoka kila siku: mvua ikinyesha ukuta unateremka, kombora likianguka mnachimba upya, mkichimba mnakuta maiti wa mwaka uliopita. Adui akirusha fataki ya mwanga, kila aliye nje aliganda kama alivyo, hata mguu uwe hewani, kwa sababu jicho hukamata kinachotembea. Walinzi walipokezana kila baada ya saa mbili. Kusinzia lindoni adhabu yake kisheria ilikuwa kifo; Waingereza walihukumu mamia kwa kosa hilo, ingawa walionyongwa au kupigwa risasi kwalo, ukiangalia kumbukumbu za vita nzima, ni wawili tu. Anayefanya kazi usiku kucha na kusimama mapambazuko na magharibi hulala vipande vipande mchana. Ukisoma shajara zao, wanacholalamikia mara nyingi si risasi bali usingizi.

Chakula nacho kilikuja usiku. Mpishi alipika nyuma kilomita kadhaa, wabebaji wakakipitisha kwenye vile vichochoro vyenye kona, gizani, topeni, makombora yakiangukia njia hiyohiyo kwa kuwa adui anajua saa ya chakula. Kilipofika kilikuwa baridi, kama kilifika. Kwa hiyo tegemeo lilikuwa nyama ya kopo, biskuti ngumu ambazo wengine walizitwanga kwa mpini wa singe kabla ya kuzila, jemu na chai. Maji yaliletwa kwenye madebe ya petroli yasiyooshwa vizuri, yakatiwa dawa ya klorini, na chai ikanukia vyote viwili. Kwa hesabu ya kalori, askari wa Uingereza alipewa zaidi ya 4,000 kwa siku, na wengi waliotoka mitaa ya maskini waliongezeka uzito jeshini. Askari wa Kihindi waliotua Marseille mwishoni mwa Septemba 1914 walipata mgao wao: unga wa chapati, dengu, samli, na mbuzi waliochinjwa kwa taratibu za dini zao.

Hapa ndipo panya wanapoingia. Walikuwepo, wengi na wakubwa, wakinona kwa mabaki ya makopo na, samahani kwa kusema, kwa maiti waliolala kati ya mistari miwili. Walipita juu ya nyuso za waliolala na kutoboa mikoba kutafuta biskuti. Askari waliwaua kwa singe na kwa mbwa, wakashindana kuhesabu. Kuwala ni jambo jingine: jeshi lenye mgao kama ule halikufika huko, na kila askari alijua panya yule amekula nini. Kwa hiyo nyanya akisema baba yake alikula panya, mimi hilo silipeleki Ufaransa. Nalileta huku, kwa sababu nitakazoeleza.

Choo kilikuwa kichochoro kifupi kilichochepushwa nyuma ya handaki, chenye shimo au ndoo, na kila kombania ilikuwa na watu wa kukishughulikia: kumwaga usiku, kufukia, kunyunyiza chokaa. Kazi ya kudharauliwa, ila iliokoa wengi. Katika vita vya Waingereza na Makaburu miaka kumi na tano kabla, homa ya matumbo iliua askari wa Uingereza kwa maelfu. Kule Ufaransa, kwa chanjo na kwa vyoo hivyo, homa hiyo haikupata nafasi. Adui naye alijua choo kiko wapi, basi watu waliharakisha.

Chawa hakuna aliyewakwepa, awe afisa au askari wa kawaida. Walikaa kwenye mishono ya nguo, na dawa iliyopendwa ilikuwa kupitisha mwali wa mshumaa taratibu kando ya mshono, mayai yakidatadata, bila kuunguza shati. Baada ya siku mbili walianguliwa wengine kwa joto la mwili. Waliwaambukiza watu homa ya siku kadhaa yenye maumivu makali ya mifupa ya miguu, iliyowalaza wengi sana, na hadi 1918 ndipo madaktari walipothibitisha kwamba mleta homa ni chawa.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya vile vidole viwili. Majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915, Waingereza walipata wagonjwa kama 20,000 wa miguu iliyoharibika handakini. Wengi hudhani vidole viliganda barafu. Hapana, barafu haikuhitajika. Mguu ukikaa kwenye maji ya baridi saa nyingi, ndani ya buti lililobana na vitambaa vilivyozungushwa muundini, mwili hubana mishipa ya damu ya mguu ili kuokoa joto la moyo na tumbo. Damu ikipungua, nyama ya mguu inakosa hewa na chakula. Kwanza mguu unakufa ganzi, mtu anahisi anakanyaga pamba. Akivua buti unavimba, haurudi tena ndani. Kisha unageuka rangi, unatoka malengelenge, na sehemu iliyokufa inaanza kuoza. Vidole ndivyo hutangulia kwa kuwa viko mbali na moyo. Aliyechelewa alikatwa.

Tiba kubwa ilikuwa kuzuia. Wanajeshi walipangwa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake: mvue soksi, mkaushe, msugue, mvalishe soksi kavu, kila siku. Walipewa mafuta ya nyangumi ya kupaka. Kwa maoni yangu mafuta yenyewe hayakufanya kazi kubwa; yaliyofanya kazi ni kule kulazimishwa kuvua, kukausha na kusugua ili damu irudi. Maafisa waliambiwa kwamba wagonjwa wa miguu wakizidi kwenye kikosi chao watajibu wao, na idadi ikateremka sana.

Mengine nayapita haraka, maana filamu zimekwisha kukuonyesha: gesi ya klorini iliyoanza kutumiwa karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kofia za chuma ambazo Waingereza walichelewa kuzipata mpaka vita vilipokuwa na zaidi ya mwaka. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba kati ya majeruhi wa Waingereza, kama sita katika kumi walipigwa na makombora na mizinga midogo, si kwa risasi. Ndiyo sababu wengi walirudi na mshtuko: mtu alikaa chini ya mlipuko saa kumi, hawezi kupigana wala kukimbia, akingoja tu. Walirudi wakitetemeka, wakipiga kelele usingizini, na kwa muda mrefu waliitwa waoga.

Je, babu yenu alikuwa miongoni mwao? Wajomba niwie radhi, lakini uwezekano ni mdogo sana. Waafrika walikuwepo kwenye mahandaki ya Ufaransa, ila walipelekwa na Ufaransa: Waalgeria, Wamorocco, na askari wa Afrika Magharibi zaidi ya laki moja, ambao wakati wa baridi kali waliondolewa mbele wakapelekwa kambi za kusini. Uingereza haikukubali askari weusi wa makoloni yake ya Afrika wapigane na Wazungu Ulaya. Kutoka Afrika Kusini ilipeleka vibarua weusi kama 21,000, wasiopewa bunduki, na zaidi ya 600 kati yao walizama na meli ya Mendi tarehe 21 Februari 1917. Askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na wapagazi wa huku walipiganishwa huku. Labda alikuwa baharia, au mtumishi wa afisa fulani. Hilo laweza kutokea kwa mtu mmoja mmoja, na lingehitaji ushahidi wa karatasi.

Huku nako, nyumbani kwenu ndipo palipokuwa na kitu cha karibu zaidi na vita vya mahandaki. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na hawakutoka mpaka Machi 1916. Salaita ilikuwa ngome yao ya mbele, na Waingereza waliwakabili kutoka Maktau, baadaye Mbuyuni, wakijenga reli kutoka Voi huku wakihangaika na maji ya kunywa. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wapya kutoka Afrika Kusini waliishambulia Salaita. Mizinga ya Waingereza ilitwanga mahandaki ya juu kilimani, kumbe wenye bunduki walikuwa wamechimba chini, miguuni mwa kilima, ndani ya vichaka. Washambuliaji walirudi nyuma kwa fujo, na waliowafunika wasimalizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu waliokuwa wakidharauliwa na washambuliaji haohao asubuhi yake. Kwa njia, kikosi kingine cha Kibaluchi, cha 129, kilikuwa kimetoka kwenye tope la Flanders kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Hao ndio wangeweza kulinganisha.

Baada ya Machi 1916 vita vilianza kutembea, vikashuka kusini hadi Rufiji, Mahiwa, Msumbiji, mpaka von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mahandaki yakawa ya siku mbili tatu, yanachimbwa na kuachwa. Aliyebeba vita hivyo ni mpagazi. Kwa Waingereza peke yao waliingizwa laki kadhaa, na waliokufa wanakadiriwa kufika karibu 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi, si kwa risasi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na muda usiotosha wa kuupika, nao ukawakata matumbo. Mzigo ulipochelewa njiani hawakupewa kitu. Mtu katika hali hiyo anakula anachokikamata. Panya wa mwituni huliwa mahali pengi katika ukanda huo hata wakati wa amani, basi maneno ya nyanya hayanishangazi.

Na vidole? Kwa mtu wa Ufaransa ningesema maji ya baridi. Kwa mtu wa vita vya huku, mshukiwa wangu wa kwanza ni funza. Mdudu huyu alifika Angola kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872 na akavuka bara zima kabla ya vita. Jike huingia chini ya ngozi, zaidi karibu na ukucha, hujaa mayai, na jeraha lake huchafuliwa na udongo. Mmoja si kitu. Makumi kwenye mguu wa mtu anayetembea pekupeku kila siku na mzigo kichwani, bila sindano safi ya kumtoa wala siku ya kupumzika, huozesha kidole mpaka kianguke au kikatwe. Wapagazi walikuwa pekupeku, na askari wengi wa K.A.R. pia. Sina uwezo wa kukuapia ni funza. Risasi, shoka na nyoka nao huchukua vidole.

Basi yuko wapi kati ya hawa? Naona milango mitatu. Huenda alikuwa askari wa K.A.R.; huenda alikuwa mpagazi, na kwa wingi wao huo ndio mlango mpana zaidi; au, na hili mlijadili polepole nyumbani, huenda alikuwa upande wa Wajerumani. Yale mahandaki ya Salaita aliyachimba Mjerumani. Aliyeishi ndani yake miezi mingi alikuwa askari wake au kibarua wake, na watu wa Taveta na ng'ambo ya mpaka walikuwa jamaa moja. Hakuna aibu hapo. Wengi walichukuliwa na aliyefika kwao kwanza.

Jina lake mtalitafuta hivi. Angalieni kwanza kama kuna medali kwenye kasha la mzee yeyote. Medali ya Kiingereza ya vita hivyo ina namba, jina na kikosi vilivyochongwa kwenye ukingo, kwa herufi ndogo unazohitaji lenzi kuzisoma. Msiisugue kwa majivu. Ikipatikana, nenda nayo, au picha yake nzuri, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ukaombe msaada wa mtunza nyaraka ana kwa ana. Faili za wilaya za zamani hazisomeki vizuri kwa mtu asiyezizoea. Bila medali, na akiwa mpagazi, kuwa na subira: wengi hawakuandikwa, au waliandikwa jina la chifu na namba. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mwaka 2021 ilikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na Wazungu, inakusanya majina ya waliofia vitani. Babu yenu alirudi, kwa hiyo yeye hamtamkuta huko, ila ndugu zake wasiorudi mnaweza kuwakuta. Na mahandaki yenyewe msiyachimbe.

Lakini kabla ya Nairobi, keti na nyanya, washa kinasa sauti cha simu, umwache aseme kwa lugha anayoota nayo. Usimuulize kama ilikuwa Ufaransa, maana atakubali kukufurahisha. Muulize baba yake alivuka mito gani, aliagizwa kwa lugha ipi, alivaa kofia ya namna gani, alibeba bunduki au mzigo, alilipwa rupia au hakulipwa. Muulize alikuwa akiapa kwa jina la kamanda yupi. Ukipata majibu mawili au matatu ya namna hiyo, niandikie tena.